Uchambuzi wa kisa: Moto uliogoma asubuhi ya kipaimara

Kisa hiki kilitokea Dar es Salaam, Jumapili moja ya mwezi wa nne, masika yakiwa yamepamba moto. Nimekiandika baada ya kuzungumza na watu watatu waliokuwa jikoni siku ile, kila mmoja kwa wakati wake: mchoma nyama aliyepewa kazi, kijana aliyemsaidia, na mama aliyekuwa akipika pilau upande wa pili wa ua. Majina, mtaa, kanisa na ukoo wa wenye shughuli nimeyaacha. Saa nilizotaja ni za kukadiria, lakini mfuatano wa mambo wote watatu wanaukubali, isipokuwa jambo moja nitakalolitaja mahali pake.

## Usuli

Mchomaji huyu si mgeni wa kazi. Jioni zote huchoma mbuzi na kuku kwenye baa, jiko likiwa chini ya paa, mkaa ukitoka kwa muuzaji yuleyule na kulala stoo. Pale moto haujawahi kumtoa jasho. Kipaimara ilikuwa kazi ya nje: wageni kama 120, mbuzi 3, kuku 30, ndizi za kuchoma, chakula mezani saa 7 mchana. Pilau na mchuzi vilikuwa mikononi mwa mama mpishi na wasichana wake, kwa kuni na mafiga ya matofali.

Alikuja na majiko mawili. La kwanza lilikuwa nusu pipa la zamani, lile la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu, lenye matundu mengi chini kabisa na wavu ulio karibu shubiri moja juu ya mkaa. La pili lilikuwa jipya, limetoka kwa fundi wa kuchomelea wiki ileile: sanduku la bati nene, refu, limepakwa rangi nyeusi, zuri kwa macho. Matundu yake yalikuwa manne tu, mawili kila ubavu, na yalikaa katikati ya kimo cha sanduku. Mkaa ukishajaa, matundu hayo yanafunikwa au yanabaki juu ya mkaa. Hakuna aliyeliwasha kabla ya siku hiyo.

Mkaa ulikuwa magunia mawili, yaliyonunuliwa Jumamosi usiku kando ya barabara kwa muuzaji asiyemfahamu, kwa kuwa wa siku zote alikuwa ameishiwa. Yalisafirishwa kwa guta kwenye mvua. Yalipofika yaliegemezwa ukutani na kufunikwa turubai. Turubai lilizuia maji ya juu. Ya chini yalipita kwenye sakafu ya udongo usiku kucha. Asubuhi mchomaji alifungua mdomo wa gunia, akaona mapande makubwa na makavu, akaridhika. Anayefahamu wauza mkaa wa barabarani anajua mdomo wa gunia hupangwa kwa ajili ya macho ya mnunuzi. Katikati na chini kulikuwa na chenga, tena zimelowa.

Hesabu yake ya muda ilikuwa hivi: kuwasha kabla ya saa 4, majiko yawe tayari saa 4:45, mbuzi juu ya wavu saa 5, kukatakata na kupanga saa 6:40. Kwa mkaa mkavu na jiko analolizoea, hesabu hiyo inakubali.

## Yaliyotokea

Saa 3:50 alimwaga karibu nusu gunia kwenye kila jiko, akasawazisha, akamimina mafuta ya taa kama lita moja kila upande, akawasha kiberiti. Ndimi za moto zilipanda hadi kifuani. Watoto walikuja kutazama, mtu akapiga picha. Baada ya dakika nne au tano ndimi zilishuka, ukabaki moshi mzito mweupe unaochoma macho.

Kwenye nusu pipa, pembe moja ilishika, pale mapande makubwa yalipoangukia. Kwenye sanduku jipya hakuna kilichoshika. Kijana alianza kupepea kwa kipande cha boksi. Mchomaji alimimina mafuta ya taa kwa mara ya pili kwenye nusu pipa, ndimi zikapanda tena, zikashuka tena. Kwenye sanduku aliongeza mkaa juu, akiamini uliokuwamo ni mchache kuweza kushikana. Moshi ukapungua, na wote wakadhani ni dalili njema.

Saa 4:40 mwenyekiti wa kamati akaja. "Fundi, misa inaisha saa tano na nusu. Vipi, tuko salama?" Mchomaji akamjibu kuwa wako salama, kisha akaweka kuku sita kwenye ile pembe iliyoshika, ili angalau harufu ya nyama isikike. Moto wa pembe hiyo ulikuwa bado na ndimi. Ngozi za kuku zilikuwa nyeusi ndani ya dakika kumi, damu ingali mfupani, na harufu iliyosikika ilikuwa ya mafuta ya taa.

Karibu saa 5 ndipo lilipotokea jambo ambalo mashahidi wangu hawakubaliani. Kijana anasema aliambiwa aongeze mafuta kwenye sanduku. Mchomaji anasema hakutoa agizo hilo. Vyovyote vile, kijana alimimina mafuta moja kwa moja kutoka kwenye chupa, juu ya mkaa ulioonekana umezima. Mvuke mweupe ulipanda, ukasimama sekunde chache, kisha ukalipuka kwa mpigo. Nywele za mkono wa kulia ziliungua, nyusi pia, na ngozi ya mkono ikawa nyekundu kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko. Chupa aliitupa mbali, na hiyo ndiyo bahati ya siku.

Mama mpishi alimshika kijana akampeleka bombani. Kuna aliyekuja mbio na dawa ya meno. Mama alimwambia airudishe bafuni. Maji yalitiririka juu ya mkono kama dakika 20. Kisha mama akaenda kwenye majiko, akatazama, akasema: "Mwanangu, huu moto mmeuzika. Toa vyote."

## Maamuzi yaliyofanyika baada ya hapo, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimama. Mchomaji anakiri kuwa huo ndio uliomwia mgumu kuliko yote, kwa sababu wageni walikuwa nusu saa tu mbali na kutoa mkaa ilikuwa kutangaza mbele ya kamati kuwa kazi imeshindikana. Alimwita mwenyekiti akamweleza waziwazi: pilau itatoka kwa wakati, nyama itachelewa. Mwenyekiti alinuna, lakini akapata muda wa kuongeza soda na kumwomba mshereheshaji arefushe zawadi na nyimbo.

Wa pili ulikuwa kuliacha sanduku jipya kabisa. Kijana mmoja wa pale nyumbani alipendekeza watoboe matundu ya chini kwa msumari na nyundo. Bati lilikuwa nene, na kila dakika ya kugonga ni dakika ya kuchelewa. Mchomaji alikataa, akaamua sanduku litatumika baadaye kuweka nyama iliyoiva isipoe, kwa makaa machache yaliyotandazwa mbalimbali.

Wa tatu ulihusu namna ya kuwasha. Mama alikuwa na debe tupu la mafuta ya kula. Walikata mfuniko wote, wakatoboa kitako na sehemu ya chini ya mbavu kwa msumari, matundu mengi, wakalisimamisha juu ya matofali matatu ili hewa iingie kwa chini. Ndani walitanguliza vifuu vya nazi vilivyobaki kwenye tui la pilau ya siku ile, wakaweka juu yake beleshi moja la makaa mekundu kutoka mafigani, kisha mkaa mkavu ulionunuliwa kwa ndoo kwenye genge la jirani. Hakuna tone la mafuta ya taa. Ilikuwa kama saa 5:20. Moshi ulitoka dakika chache, ukawa mwembamba, ukakoma. Kabla ya saa 5:45 mapande ya juu kabisa yalikuwa yameanza kuwa na majivu pembeni. Walipitisha nondo kwenye matundu mawili ya juu, watu wawili wakainua debe na kulimwaga kwenye nusu pipa lililosafishwa, wakalijaza tena.

Mkaa uliolowa haukutupwa. Mapande yalichaguliwa yakapangwa kuzunguka mafiga yakaukie hapo, chenga zikaachwa kwenye gunia. Kila mchomaji alipohitaji kuongeza moto aliingiza mapande machache yaliyokwisha kukauka, pembeni mwa makaa, si juu yake.

Uamuzi wa nne ulikuwa kugawa nyama upya. Nusu pipa moja haliwezi kubeba mbuzi 3 na kuku wote. Mbavu na mabega ya mbuzi vilipewa wavu kwanza. Mapaja yalipasuliwa vipande vyembamba zaidi ya desturi. Kuku zaidi ya nusu walikatwa vipande na kukaangwa na mama kwenye sufuria pana, juu ya kuni. Mchomaji aliona haya, kwani alikuwa ameahidi kuku wa kuchoma. Sioni alichopoteza hapo.

Kulikuwa na pendekezo moja lililokataliwa ambalo nalihesabu miongoni mwa maamuzi mazuri. Saa 5:30 manyunyu yalianza, na ndugu mmoja akataka jiko liingizwe kwenye banda la gari, milango ifungwe nusu kukinga upepo. Mama alikataa hata kujadili. Waliinua turubai juu ya nguzo nne, pande zote wazi.

## Matokeo

Pilau ilitoka saa 7:15. Sinia za kwanza za mbavu zilifika mezani saa 7:40, za mwisho saa 8:40, wageni wachache wakiwa wameshaondoka. Kuku sita walitupwa. Mkono wa kijana ulipata malengelenge madogo. Alikwenda zahanati siku hiyohiyo akafungwa bandeji, na umepona bila kovu la kuonekana. Mchomaji alipunguza malipo yake kwa hiari. Kamati haikumlaumu hadharani, ingawa kazi nyingine ya ukoo huo amepewa mtu mwingine.

## Uchambuzi

Watu wengi niliowasimulia kisa hiki wanakimbilia kusema tatizo lilikuwa mkaa mbichi wa maji. Maji yalikuwamo, na yalifanya kazi yake, lakini tuyapime. Kugeuza kilo 1 ya maji ya nyuzi 25 kuwa mvuke kunahitaji takribani megajuli 2.6 za joto. Kilo 1 ya mkaa mzuri, mkavu, hutoa kama megajuli 28 hadi 30. Kwa hesabu hiyo, hata gunia lililolowa lina joto la kutosha kujikausha na kubaki na mengi ya kuchomea mbuzi. Ndiyo maana mapande yaleyale yaliyokataa asubuhi yaliwaka vizuri mchana yalipoingizwa kidogokidogo pembeni mwa moto uliokolea.

Shida ya maji ni ya mwanzo. Pande la mkaa haliwezi kupita nyuzi 100 wakati maji yake bado yanachemka, na mkaa hautashika kabla ya kufika nyuzi mia tatu na kitu. Moto mdogo wa kuanzia ukipewa mkaa mwingi uliolowa kwa mara moja, joto lake lote linaishia kwenye mvuke. Kile kilichoitwa moshi mzito mweupe kwa sehemu kubwa kilikuwa mvuke huo, ukichanganyika na mafuta ya taa yasiyoungua.

Kilichoshinda yote siku ile ni hewa. Makaa hula hewa kutoka chini: hewa ya moto inapanda, inaivuta ya baridi iingie kwenye matundu, na mzunguko huo ukishaanza unajiendesha wenyewe. Nusu pipa lilikuwa na matundu, ila chenga zilizolowa ziliyaziba na kujaza nafasi zote baina ya mapande. Sanduku jipya halikuwa na njia ya hewa ya chini hata kidogo. Kuongeza mkaa juu yake kulikuwa kuongeza kifuniko. Moshi ulipopungua hawakuwa wanashinda, moto ulikuwa unakufa. Tofauti inaonekana kwa macho: moto unaokolea hutoa moshi unaozidi kuwa mwembamba huku ukisikia mlio mdogo wa kupasukapasuka na joto likikupiga usoni, unaokufa hupunguza moshi na joto kwa pamoja.

Debe lilifaulu kwa sababu hiyohiyo. Umbo lake refu na jembamba linakusanya joto badala ya kulisambaza, mapande ya chini yanawasha ya juu yake, na lenyewe linavuta hewa kama dohani. Hakuna aliyelipepea. Kupepea kunasaidia makaa yaliyokwisha kushika. Alichofanya kijana saa 4 ni kupeperusha joto kidogo lililokuwapo. Tahadhari moja kwa wanaotaka kutengeneza la kwao: tumia debe la mafuta ya kula au kopo la maziwa ya unga, si kipande cha bati la kuezekea. Bati hilo limepakwa zinki, na moshi wa zinki ukivutwa unaleta homa na kifua kubana.

Mafuta ya taa yanahitaji aya yake. Kwa moto wa kwanza, yaliungua juu ya mkaa na joto lake likaenda angani. Ndimi ndefu ziliwafanya wote waamini kuna moto wakati kilichowaka ni mafuta tu. Mkaa una vitundu vingi sana, basi yaliyobaki yalinyweka ndani na yakaendelea kutoka polepole, ndiyo harufu iliyowaingia kuku. Mtu akilazimika kuyatumia, ayaache yaishe kabisa, mkaa wote uwe na majivu meupe, ndipo nyama isogee. Lakini kuyamimina kwenye mkaa wa moto ni jambo jingine kabisa. Mafuta ya taa huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto kwenye joto la karibu nyuzi 38, yaani siku ya kawaida ya Dar haiko mbali. Yakianguka kwenye mkaa wenye joto kali usio na ndimi, yanakuwa wingu la mvuke linalotafuta cheche. Mkaa ulioonekana umezima ndio hatari zaidi, kwa kuwa unaoonekana unawaka ungeyawasha palepale kabla wingu halijajikusanya. Suala la nani aliagiza silipi uzito. Chupa ya mafuta haikupaswa kuwa karibu na jiko baada ya saa 3:50.

Maji ya bomba kwa dakika 20 ndiyo huduma sahihi ya kwanza kwa ungulio, na dawa ya meno ingeziba joto ndani ya ngozi na kumpa muuguzi kazi ya kuisugua. Kuhusu banda la gari, mama hakujua jina la gesi, ila alijua watu waliolala na jiko ndani na hawakuamka. Jina lake ni kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi, na hutoka kwa wingi hasa mkaa unapokosa hewa, kama ule wa kwenye sanduku.

Sasa upande wa kupima joto. Mchomaji aliweka kuku kwa sababu ya mwenyekiti, lakini hata bila mwenyekiti hakuwa na kipimo kingine zaidi ya jicho, na jicho lake limezoea taa za baa usiku, ambapo makaa mekundu yanajionyesha. Juani, makaa yenye moto kamili yanaonekana ya kijivu tu. Kipimo cha kiganja kinatosha: weka kiganja juu kidogo ya wavu, usawa ambao nyama itakaa, uhesabu sekunde. Ukiondoa mkono kwa sekunde mbili au tatu, moto ni mkali, unafaa mishikaki na kufunga ngozi ya nyama. Nne au tano, ni wa wastani, ndio wa mbavu za mbuzi na kuku wa vipande. Ukifika saba au nane, ni wa kumalizia mapaja au kuweka nyama isipoe. Angalizo ni kwamba wachomaji wakongwe wana viganja visivyosema kweli; kwenye kisa hiki msichana wa jikoni ndiye aliyepima saa 5:50, akahesabu tano, mbavu zikapanda.

Nusu pipa halikuwashwa joto moja kote. Makaa yalisukumwa upande mmoja kwa wingi, upande wa pili yakatandazwa kidogo. Mafuta ya mbuzi yalipodondoka na kuinua ndimi, vipande vilihamishiwa upande wa pili badala ya kumwagiwa maji. Hilo mchomaji alilifanya bila kufikiri, ni ufundi wake wa kila siku, na ndilo lililookoa ladha.

Kuhusu mpango wa muda, sikubaliani na wanaosema alichelewa kuwasha. Saa 3:50 ilitosha. Kilichokosekana ni nafasi ya kukosea: hakuna hata nusu saa ya akiba, mkaa wa muuzaji mgeni haukukaguliwa chini ya gunia, na jiko jipya lilifanyiwa majaribio mbele ya wageni. Kukagua mkaa ni kazi ya dakika mbili. Mwaga kidogo kutoka chini, gonga mapande mawili: mkavu una mlio mkali wa chuma, uliolowa unadunda bila sauti.

## Baada ya hapo

Sanduku lilirudishwa kwa fundi wa kuchomelea. Alikata mianya mirefu chini kabisa, akaweka wavu wa ndani wa nondo ulioinuka ili majivu na chenga vianguke chini ya makaa, na kuongeza droo ya kuyatolea. Lilipojaribiwa kwa debe mbili za mkaa, kiganja cha kijana kilihesabu nne baada ya kama nusu saa. Wavu wa nyama bado uko juu mno kwa kuku, kwa hiyo mchomaji analitumia kwa mbuzi mzima tu, na nusu pipa la zamani linaendelea na kuku.